Michirizi ya Mwanga Chini ya Maji: Kompyuta Huichoraje?

Weka bilauri ya maji mezani asubuhi, jua likipenya dirishani kwa mshazari, kisha utazame kivuli chake. Bilauri imekaa kati ya jua na meza, hivyo ungetegemea kivuli cheusi. Lakini ndani ya kivuli hicho pana doa linalong'aa kuliko sehemu ya meza inayopigwa na jua moja kwa moja. Bwawa la kuogelea nalo lina jambo lile lile: michirizi ya mwanga hutembea sakafuni bila kutulia. Fizikia yake ni ya shule ya sekondari, ila wataalamu wa picha za kompyuta walihangaika nayo kwa miaka mingi. Tuanze na kanuni yenyewe, kisha tuone kompyuta ilikwama wapi.

Mwale unapoingia majini

Hewani mwanga husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Majini kasi hiyo hugawanyika kwa 1.33, na ndani ya kioo cha kawaida kwa takriban 1.5. Mwale unaoingia wima hupunguza mwendo bila kuacha njia yake. Unaoingia kwa mshazari hupinda, kwa sababu upande mmoja wa wimbi la mwanga hugusa maji kwanza na kupungua kasi huku upande wa pili ungali hewani.

Kiasi cha kupinda hukokotolewa hivi. Simamisha mstari wima juu ya uso wa maji, pima pembe kati ya mstari huo na mwale, tafuta saini ya pembe hiyo, kisha uigawe kwa 1.33. Jibu ni saini ya pembe mpya, ndani ya maji. Kanuni hii hutajwa kwa jina la Mholanzi Willebrord Snellius, aliyeigundua mwaka 1621, ingawa Ibn Sahl alikwisha kuieleza Baghdad mnamo mwaka 984.

Tuijaribu. Jua liko nyuzi 45. Saini yake ni 0.707, ukigawa kwa 1.33 unapata 0.532, yaani pembe ya nyuzi 32. Katika bwawa la kina cha mita 2, mwale ambao ungetua mita 2 mbele ya mahali ulipoingilia utatua kama mita 1.25 tu.

Tena, si mwanga wote unaoingia. Mwale ukishuka wima, maji huakisi takriban asilimia 2 yake, na kila uso wa kioo takriban asilimia 4. Mwale unapozidi kulala, sehemu inayoakisiwa huongezeka hadi karibu yote. Ndiyo maana ukisimama kwenye maji matulivu ya ziwa unaona mawe yaliyo karibu na miguu yako, lakini ukitupa macho mbali unaona mawingu.

Mawimbi hukusanya mwanga

Sasa jua liwe utosini na maji yawe na mawimbi madogo. Uso wa maji ukiinama nyuzi 10, mwale unaoshuka wima huacha njia yake kwa takriban nyuzi 2.5. Ni kidogo, lakini kwa kina cha mita 2 kidogo hicho husogeza mahali pa kutua kwa karibu sentimita 9.

Kusogea huko kuna mpangilio. Mwale unaopiga ubavu wa kulia wa wimbi hupindia kushoto, na unaopiga ubavu wa kushoto hupindia kulia. Kwa hiyo chini ya mgongo wa wimbi miale hukaribiana, na chini ya bonde la wimbi hutawanyika. Miale inapobanana ndipo panapozuka mchirizi. Maji hayajaongeza mwanga wowote: mng'ao wa mchirizi umetolewa kwenye madoa hafifu yaliyo kando yake. Ndiyo sababu mchoraji anayebandika michirizi juu ya sakafu yenye mwanga sawasawa hutoa picha ambayo jicho huikataa.

Kompyuta hufuata mwale kinyumenyume

Mwaka 1980 Turner Whitted, wa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha namna ya kuchora vioo kwa kufuata miale. Kwa kuwa mwanga mwingi wa taa hauingii kamwe kwenye kamera, yeye alianzia kwenye jicho. Kila pikseli hutoa mwale. Mwale ukigonga kioo huzaa mmoja wa kuakisiwa na mwingine wa kupinda. Picha yake ya mipira miwili juu ya sakafu ya miraba ilichukua dakika 74 kukokotolewa, na kioo chake kilifanana na kioo cha kweli.

Kivuli ndicho kilichokosa ukweli. Mwale ukifika sakafuni, programu huuliza: je, kutoka hapa taa inaonekana? Hunyoosha mstari hadi kwenye taa, na mstari ukikuta kioo, huhesabu kwamba mwanga umezuiwa. Lakini mwanga halisi ulifika hapo kwa njia iliyopinda, ambayo mstari mnyoofu hauwezi kuigundua.

Mwaka 1986 James Kajiya alieleza jinsi ya kutafuta njia zote kwa bahati nasibu: kutoka sakafuni, tupa mwale upande wowote uone unakofika. Kihesabu ni sahihi. Tabu ni kwamba mwale huo lazima upinde kwenye maji kisha uiguse taa. Taa ikiwa ndogo, maelfu ya miale huikosa na mmoja huipata, na picha hujaa chembechembe nyeupe. Taa ikiwa nukta tu, hakuna mwale utakaoipata kamwe.

Kuanzia kwenye taa

Mwaka huo huo James Arvo alipendekeza kutuma miale kutoka kwenye taa. Henrik Wann Jensen wa Denmark akaikamilisha njia hiyo katika miaka ya 1990 kwa mbinu ya ramani ya fotoni, yaani chembe za mwanga, yenye hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni ya taa. Tuseme taa inatoa wati 100 na tunatuma fotoni 1,000,000. Kila moja hubeba wati 0.0001, hupinda majini kwa kanuni tuliyoiona, hutua sakafuni, na mahali ilipotua huandikwa. Hatua ya pili ni ya jicho. Mwale wa kamera ukifika sakafuni, programu hukusanya, tuseme, fotoni 50 zilizo karibu zaidi, hujumlisha nguvu yake na kuigawa kwa eneo la duara linalozizunguka. Zikipatikana ndani ya nusukipenyo cha sentimita 1, mwanga ni takriban wati 0.0016 kwa sentimita moja ya mraba. Ikibidi kwenda hadi sentimita 2, mwanga ni robo ya huo. Mchirizi na doa hafifu hutenganishwa na hesabu hiyo tu. Wala hakuna haja ya kuunganisha jicho na taa kwa mstari mnyoofu. Inatosha kuuliza ni fotoni zipi zimetua jirani.

Gharama yake ni hii: duara kubwa hufifisha ncha za michirizi, na duara dogo huacha mabaka. Mwaka 2008 Toshiya Hachisuka, Shinji Ogaki na Jensen walipata dawa: endelea kutuma fotoni mpya, na kila awamu ulipunguze duara kidogo. Picha hukaribia jibu sahihi kadiri unavyoipa muda.

Mwanafunzi anayejua kuandika programu anaweza kuyathibitisha haya leo kwa kompyuta ya kawaida. Chora wimbi moja la mstari, dondosha miale 1,000 juu yake, ipinde kwa kanuni ya Snellius, kisha uhesabu mingapi imetua katika kila sentimita ya sakafu. Hesabu itapanda ghafla katika sehemu chache, ingawa hakuna mstari wa programu ulioiagiza kompyuta ichore mchirizi. Anayeyaona hayo kwa hesabu yake mwenyewe ameielewa michirizi ya bwawa, na anaweza kuichora popote bila kuigiza.