Jina la jirani kwa mtoto wako: sheria inasemaje?

Wazazi Wakamba wakimwita binti yao Akinyi, au wazazi Waluo wakamwita wa kwao Mwende, hakuna sheria ya Kenya waliyoivunja. Lingekuwa jambo la kupita, ila maneno huwa hayaishi. Huanzia kwa mashemeji, yakahamia kwa wazee wa ukoo, na pengine yakafika hadi kwa karani anayejaza notisi ya kuzaliwa, akataka aelezwe jina hilo na wazazi hawa wapi na wapi. Karani ana ruhusa ya kushangaa, lakini hana mamlaka ya kukataa. Katika Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, hakuna kifungu kinachomtaka msajili alinganishe jina la mtoto na kabila la mzazi. Na juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 53(1)(a) kinampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Mwenye haki hapo ametajwa: ni mtoto. Si ukoo, si ofisi, na wala si mzazi, ambaye kazi yake ni kuchagua kwa niaba ya mtu asiyeweza bado kujisemea. Ukilishika hilo, maswali mengi yanayozushwa juu ya majina ya kuazima hujibika.

Wanaoyapinga majina hayo husema yanaua utamaduni. Historia yetu yenyewe inaonyesha kuwa kinachoumiza ni kulazimishwa. Enzi za ukoloni wamisionari waliwataka Waafrika wabatizwe kwa majina ya Kizungu. Jaramogi Oginga Odinga aliyaacha majina yake ya ubatizo, na katika kitabu chake Not Yet Uhuru cha mwaka 1967 anasimulia alivyovutana na kanisa alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Mwanawe Raila naye alipopata watoto, kifungua mimba alimpa jina la Fidel Castro wa Cuba na kitindamimba jina la Winnie Mandela wa Afrika Kusini. Baba alikataa ya wageni, mwana akayafuata ya wageni, na bado sioni mgongano kati yao, kwa kuwa kila mmoja alichagua mwenyewe. Rais Mobutu alikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1972 aliwaamuru raia wa Zaire waache majina ya Kikristo, na Sheria ya Familia ya nchi hiyo ya 1987, kifungu cha 58, ikaagiza majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa taifa. Mmisionari na Mobutu walitofautiana kuhusu majina yanayofaa. Kuhusu nani aamue, walikuwa kitu kimoja. Kenya ilichagua vingine. Kifungu cha 44 cha Katiba kinampa mtu haki ya kushiriki utamaduni autakao, kisha ibara ndogo ya tatu inakataza mtu kumshurutisha mwenzake kufuata mila au desturi yoyote.

Hapo bila shaka mkwe atauliza: na utaratibu wetu je? Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Ni mpango mzuri, unaohifadhi kumbukumbu ya ukoo vizuri kuliko daftari, na sheria haiupigi vita. Lakini ni mpango wa kushauriana, haukazwi kwa nguvu, kwa sababu Kifungu cha 2(4) kinabatilisha sheria yoyote, hata ya kimila, inapokwenda kinyume na Katiba. Wala hoja ya kwamba jina ni la upande wa baba haisimami. Kifungu cha 53(1)(e) kinawapa mama na baba wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Wawili hao wakishindwa kabisa kuelewana, mahakama ya watoto ndiyo itakayoamua, nayo itaangalia maslahi ya mtoto kwanza. Kabla ya kufika huko, nakumbusha tu kwamba mtoto anaweza kubeba zaidi ya jina moja. Wanjiru wa nyanya na Zuhura wa mama hukaa vizuri kwenye cheti kimoja.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye jina. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, na katika tafsiri yake ya sanaa hizo majina yametajwa pamoja na hadithi, nyimbo na alama. Je, Mkalenjin anaweza kumzuia Mtaita asimwite mwanawe Kiprotich? Kwa maoni yangu hawezi. Sheria hiyo inalenga kukomesha watu kuitumia vibaya mali ya jamii na kujinufaisha nayo bila ridhaa, kama kampuni inayobandika jina la jamii kwenye bidhaa zake. Anayemwita mtoto jina hilo hauzi kitu wala hamnyang'anyi mwenyewe lake. Hata hivyo hoja hiyo haiondoi adabu. Yako majina yanayotolewa kwa ajili ya tukio fulani au cheo fulani, na kumuuliza mwenye lugha kabla ya kujaza fomu hakugharimu chochote.

Wengine hawana habari na mila; wanaogopa. Nchini mwetu jina husomwa kama kabila. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 watu walidaiwa vitambulisho barabarani ili majina yao yawafichue. Mzazi anayeogopa kumpa mtoto jina litakalomtia matatani anaogopa kitu halisi, na sitamkebehi. Lakini sheria inaliweka kosa kwa anayebagua. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa kikabila, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaukataza pia katika ajira. Tukisema kila mtu abaki na majina ya kwao ili atambulike upesi, tunamrahisishia kazi mbaguzi. Na wanaohofia kwamba jina la kigeni litampotezea mtoto uraia wasome Kifungu cha 14 cha Katiba: uraia wa kuzaliwa unatokana na mama au baba kuwa raia wa Kenya. Vivyo hivyo jina si ushahidi wa ubaba. Kumwita mtoto Otieno hakumpi baba Mluo.

Uhuru huu una mpaka, na mpaka wenyewe ni mtoto. Ufaransa, mwaka 2014, mahakama ya Valenciennes iliwakatalia wazazi waliotaka kumwita binti yao Nutella, ikiona angechekwa, na mtoto akaitwa Ella. Neno lililo tamu kwa lugha ya mbali linaweza kuwa tusi kwa lugha ya jirani, na atakayelibeba darasani si mzazi.

Andikisha kuzaliwa ndani ya miezi sita. Ukipitisha hapo utahitaji kibali cha usajili wa kuchelewa. Karani akikataa jina, mwombe aandike sababu na kifungu anachokitegemea, kisha upeleke malalamiko kwa msajili aliye juu yake. Ukibadili nia, kifungu cha 14 cha Sura ya 149 kinaruhusu jina kurekebishwa katika miaka miwili tangu usajili, kwa ada na ushahidi. Baada ya hapo inabaki hati ya kubadili jina, inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Mwana naye, akishakuwa mtu mzima, anaweza kutumia njia hiyohiyo kuliacha jina ulilompa, na hahitaji idhini yako.