Hewa ya Shimoni: Ajali Isiyo na Kishindo

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zimekaa juu ya miamba ya kale yenye dhahabu. Huko Kilimafedha, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani; na Nyamongo, wilayani Tarime, ndiko uliko mgodi mkubwa wa North Mara, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002. Mbali na migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, ambao huteremka kwa kamba katika mashimo membamba wayaitayo maduara. Si wanafunzi wachache wa wilaya hizo wenye baba, kaka au mjomba afanyaye kazi hiyo.

Ajali za kazi hii hujulikana zaidi kwa kishindo chake: kifusi huporomoka, kamba hukatika, mkanda wa karasha hunasa nguo. Hapa tutazungumzia hasa ile isiyo na kishindo, yaani hewa mbaya. Ajali hii ina tabia ya kuua zaidi ya mtu mmoja, kwa kuwa ateremkaye kumwokoa mwenziwe huanguka juu yake.

Mwanafunzi atakumbuka kuwa oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa. Ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huzirai. Ikishuka chini ya asilimia 6 hufa kwa dakika chache. Ndani ya duara oksijeni hupunguzwa na pumzi za wachimbaji, na matimba yanayooza, na hata na mwamba wenyewe. Miamba ya dhahabu mara nyingi huwa na pirite, yale mawe ya manjano yanayowahadaa wageni wakadhani wameokota mali. Pirite ikipata unyevu hula oksijeni:

2FeS₂ + 7O₂ + 2H₂O → 2FeSO₄ + 2H₂SO₄

Kwa hiyo duara lililoachwa majuma kadhaa bila kufanyiwa kazi laweza kuwa na hewa mbaya kuliko lile lililojaa watu. Jambo hili huwashangaza wengi.

Hatari iliyo kubwa kupita zote huja wakati wa mvua, maji yanapojaa shimoni na mtu akateremsha pampu ya petroli ili ayavute akiwa karibu nayo. Tufanye hesabu. Duara lenye upana wa mita 1 kwa mita 1 na kina cha mita 20 lina hewa ya mita za ujazo 20. Lita moja ya petroli huhitaji takriban mita za ujazo 10 za hewa ili iungue. Nusu ya hewa ya duara zima imekwisha kwa lita moja! Na mchimbaji hatangoja lita hiyo iishe, kwani injini hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ikifika asilimia 1 tu ya hewa, huua kwa dakika chache. Kabla ya hapo kichwa huuma, magoti hulegea, moyo huchafuka. Naye mgonjwa hudhani ni malaria au uchovu, akaendelea na kazi. Moshi wa baruti una gesi hiyo hiyo. Pampu ya injini, basi, ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hauuingizi moshi ndani. Kama kina kinazidi uwezo wa pampu kuvuta maji toka juu, itafutwe pampu ya umeme ya kuzamishwa.

Wakati nao una sehemu yake. Usiku wa Tarime ni wa baridi. Hewa ya nje huwa nzito kuliko ya shimoni, ikazama na kuisukuma ile ya ndani itoke. Mchana hewa ya nje hupata joto na kuwa nyepesi, na ile ya shimoni hutuama kama maji mtungini. Kwa sababu hiyo shimo lililokuwa salama alfajiri laweza lisiwe salama saa nane mchana. Kupima mara moja kwa siku hakutoshi.

Kupima kwa nini? Taa ya moto iliyoteremshwa kwa kamba huzimika oksijeni ikifika karibu asilimia 16, kabla ya mtu kuzirai. Ni kipimo kizuri cha upungufu wa oksijeni, lakini hakioni kaboni monoksidi: taa itawaka vizuri huku mtu anakufa. Tena ni hatari mahali penye mvuke wa petroli. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walitumia ndege wadogo waitwao kanari, ambao hulewa gesi hiyo mapema kuliko binadamu. Waliwaacha mwaka 1986, vilipopatikana vipimo vya elektroni. Leo kipima gesi hutoshea mkononi. Mchimbaji mmoja atakiona ni ghali, lakini kikundi chaweza kuchangishana, kama kichangavyo kununua karasha.

Mwezi Novemba 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliofukiwa walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Bila chakula mtu huhesabu majuma. Bila hewa huhesabu dakika. Kwa hiyo mwenzako akianguka shimoni bila sababu inayoonekana, usiteremke. Piga kelele watu wakusanyike, piga simu Zimamoto, namba 114, na usukume hewa safi chini kwa feni na bomba. Lakini njia ya kweli ya kumwokoa huandaliwa kabla: kila ateremkaye afungwe mkanda wa mabegani na mapajani ulioungwa na kamba ya winchi, na pasikose mtu mdomoni mwa shimo. Hapo mgonjwa atavutwa juu bila mwingine kuingia.

Ajali nyingine nitazitaja kwa ufupi. Mvua hulainisha kuta. Januari 2024 watu wasiopungua 22 walifukiwa na kufa katika machimbo ya Ng'alita, Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu. Shimo lililonyeshewa likaguliwe, na matimba yatangulie mchimbaji. Mwamba uchorongwe kwa maji ili vumbi lisiharibu mapafu. Zebaki isichomwe jikoni wala hewani wazi, bali katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Katika maduara, ambako malipo ni mgawo wa mifuko ya mawe, kila mmoja hudai kuwa si mwajiri. Kwa maoni yangu, mwenye leseni na mwenye pampu hawawezi kuukwepa wajibu huo kwa kugawa mifuko.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani. Simamisha mishumaa miwili, mfupi na mrefu, ndani ya ndoo angavu, uiwashe. Weka magadi katika chupa, mimina siki au maji ya limau, kisha inamisha chupa polepole juu ya ukingo wa ndoo ili itoke gesi tu, si maji. Kaboni dioksidi, iliyo nzito mara moja na nusu kuliko hewa, itatiririka bila kuonekana. Mshumaa mfupi utazimika kwanza. Waulize wanafunzi: ikiwa mishumaa ni wachimbaji wawili, yule aliye juu aone nini ndipo ajue kwamba hapaswi kuinama?