Mpango wa Maisha Yako Unaanzia Kwenye Taarifa ya Simu

Twende Kiamaiko kidogo. Kabla jua halijachomoza, mbuzi waliotoka Isiolo, Marsabit na Moyale wanachinjwa, na kuna kijana anabeba nyama hadi kwa pikipiki za wateja. Analipwa kwa siku, pesa inaingia kwa simu. Muulize lengo lake: "Nataka kuwa fundi wa stima." Sawa kabisa. Lakini lini, na kwa pesa gani?

Kijana huyu ni mfano tu, ila hesabu yake utaitambua.

Kitu cha kwanza si daftari jipya. Ni kupiga *334# na kuomba taarifa ya M-PESA ya miezi 3 iliyopita. Isome polepole, hata kama inauma. Utaona pesa ilienda wapi: nauli, chakula, bando, beti, na zile shilingi 50, 50 ambazo hakuna anayekumbuka. Sisi tunapenda zoezi hili kwa sababu taarifa haibembelezi mtu.

Sasa andika lengo lenye jina na tarehe. "Kujiendeleza" halitoshi. "Kufanya mtihani wa ufundi wa stima wa NITA, gredi ya III, kabla ya Desemba" ni lengo. Mitihani ya NITA hupima ujuzi wa kazi, na ukipita gredi ya III unaweza kupanda hadi II, kisha I. Uliza ada kamili mapema, pamoja na gharama ya mafunzo, usije ukakadiria kwa kusikia.

Mshahara wa mwezi haupo hapa, kwa hivyo mpango wa mwezi hautakusaidia. Kata kwa siku. Shilingi 100 kila siku ya kazi, siku 20 kwa mwezi, ni 2,000. Miezi 6 ni 12,000. Weka jioni ileile, kwenye akiba kama ile ya M-Shwari, maana pesa iliyobaki kwenye salio kuu huwa na miguu. Msimu wa sherehe nyama ikitoka sana, weka 200. Njaanuari ikifika, weka hata 30.

Tahadhari moja, na hii ndiyo inaangusha wengi: Fuliza. Ukiwa na deni lake, pesa inayoingia inakatwa kwanza, kwa hivyo ile 100 yako inaliwa kabla hujaishika. Maliza deni hilo kwanza, hata kama lengo litasogea mwezi mmoja.

Na wakati pia ni sehemu ya mpango. Kazi ya nyama ikiisha mapema, mchana unabaki. Tafuta fundi mtaani umbebee ngazi mara mbili kwa wiki. Mkono utakuwa umezoea waya kabla ya siku ya mtihani.

Kila tarehe 1, angalia akiba. Ukikuta 1,400 badala ya 2,000, usichane karatasi. Futa tarehe ya zamani, andika mpya, na jioni hiyo weka 100 yako.