Teleka Wakati wa Dhoruba
Julai ni kiangazi huko Uingereza, lakini penye bwawa la Ladybower, katika vilima vya Derbyshire, dhoruba huweza kuja ghafula. Tuwatazame teleka, ndege weusiweusi wafananao na mbayuwayu. Siku ya jua huruka juu sana. Baridi na mvua zikija, wadudu huwa chini karibu na maji, nao teleka huwafuata huko. Hali ikizidi kuwa mbaya, huenda mbali kutafuta chakula. Makinda walio chini ya mapaa hupoa mwili, wakatulia siku kadhaa bila kula. Tusidhani wameachwa, wazazi hurudi. Nasi tukisikia ngurumo, tushuke kilimani upesi. Agosti, teleka hao huja kwetu Afrika.