Kompyuta ya Zamani Ikikataa Kuunda Programu

Vijana wanaojifunza kuandika programu kwa kompyuta za Windows 7 hukwama mapema. Python mpya hukataa kuwekwa, au programu iliyoundwa nayo hudai faili ya api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo. Usiitafute faili hiyo kwenye tovuti usiyoijua. Virusi huingia hivyo.

Kosa si lako. Python 3.9 na zilizofuata hazikubali Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uone toleo lako. Python 3.8 itafanya kazi, ila haipati tena marekebisho ya usalama, na maktaba nyingi mpya haziioani.

Afadhali Linux nyepesi kama Lubuntu, nayo ni bure. Nakili kazi zako kwenye flashi kwanza: kuiweka kunaweza kufuta diski yote.