Mgombea na Kandili

SWALI: Mwalimu, binti yangu wa kidato cha pili ameuliza kama neno la Kiingereza "candidate", yaani mgombea, lina undugu na "candle", mshumaa. Nimjibuje?

JIBU: Binti yako ana sikio zuri, undugu upo. Yote mawili yametoka katika kitenzi cha Kilatini candere, kung'aa. Roma ya kale, mtu aliyewania cheo alijitanda vazi la toga lililosuguliwa chaki mpaka likametameta, ili watu wamtambue kwa mbali akipita akiwapa mikono na kuomba kura. Aliyevaa hivyo aliitwa candidatus, aliyevishwa nyeupe. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 432 KK ilitungwa sheria ya kuwakataza wagombea kuongeza weupe nguoni. Haikufua dafu. Mwaka 64 KK mwanasiasa Cicero, akikitaka cheo cha ukonsuli, alitoa hotuba kali dhidi ya wapinzani wake, na mpaka leo hotuba hiyo inaitwa kwa jina la vazi hilo jeupe.

Kiingereza kililichukua neno karne ya 17, likabaki na maana ya mgombea, si ya weupe. Ndugu yake "candid" lilianza na weupe, likahamia kwenye unyofu wa moyo.

Ninalolipenda zaidi liko kinywani mwetu: kandili. Tumelipata kwa Waarabu, wanaosema qindil, nalo lilifika kwao kupitia Kigiriki kutoka candela, mshumaa wa Kilatini. Mwonyeshe binti yako na hilo, maana shuleni huenda asilisikie.