Anayesimama Kati ya Mfuko na Hospitali

Twaomba leo mtufuate mpaka dirishani pa hospitali. Mama mmoja amefika na mtoto mwenye homa. Fedha mkononi hana, ila ana kadi ya bima, na kwa ajili ya kadi hiyo mumewe hukatwa mshahara mwezi baada ya mwezi. Karani aitazama kadi, kisha asema: "Mama, kwa sasa hatupokei kadi hii." Mama auliza sababu. Karani mwenyewe haijui vizuri. Ajua tu kwamba mkuu wake amesema Mfuko haujalipa. Basi mama hana la kufanya ila kwenda kukopa kwa jirani, au kurudi nyumbani na mtoto wake.

Ni nani aliyekosa hapa? Wengi watasema upesi: hospitali ina roho ngumu. Wengine watasema: wenye Mfuko wamekula fedha zetu. Sisi twasema kwamba kabla ya kuhukumu yatupasa kujifunza. Maana kati ya Mfuko na hospitali yuko mtu ambaye mgonjwa hamwoni kamwe, naye akiifanya kazi yake sawasawa, mama yule hasikii maneno hayo dirishani. Mtu huyo ni ofisa wa Mfuko anayeshughulikia uhusiano na watoa huduma, yaani hospitali, vituo vya afya, zahanati na maduka ya dawa. Kazi yake ndiyo somo letu la leo, na twadhani kila baba na mama wa nyumba atafaidika kuijua.

Bima ya afya ilikotoka

Haba na haba hujaza kibaba. Wazee wetu walilijua jambo hili, nao walichangiana katika misiba na magonjwa bila kungoja sheria. Lakini bima yenye sheria ya nchi ilianza Ujerumani mwaka 1883, siku za Bismarck. Wafanyakazi walitoa sehemu mbili za mchango, waajiri wakatoa sehemu ya tatu, na mfanyakazi aliyeugua akapata matibabu.

Huko Marekani, mwaka 1929, mambo yalianza kwa njia nyingine. Katika mji wa Dallas, Texas, Bwana Justin Ford Kimball alikuwa akiangalia mambo ya hospitali ya Baylor. Aliona kwamba walimu wengi walikuwa na madeni ya matibabu wasiyoweza kulipa. Akatunga shauri: kila mwalimu atoe senti 50 kwa mwezi, naye akiugua atalazwa hospitalini hata siku 21 bila kutozwa tena. Walimu wakaridhika, na hospitali nayo ikawa na fedha za hakika.

Kwetu Tanzania, Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza katika wilaya ya Igunga mwaka 1996. Mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali. Sheria iliweka mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitolewa na mtumishi na nusu na mwajiri. Hivyo mtumishi wa mshahara wa shilingi 600,000 hutoa shilingi 18,000 kwa mwezi, na mwajiri wake hutoa nyingine 18,000. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii uliboreshwa, kaya ya watu 6 ikachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sasa msomaji aangalie jambo moja. Kule Dallas mwanzoni, aliyepokea senti za mwalimu ndiye huyo huyo aliyemtibu. Siku hizi apokeaye fedha ni mmoja, na atibuye ni mwingine. Mfuko una fedha lakini hauna vitanda. Hospitali ina vitanda lakini fedha ziko kwa Mfuko. Nyumba mbili hizi zahitajiana, na kila moja ina mashaka juu ya mwenzake. Mfuko waogopa kulipia dawa ambazo hazikutolewa. Hospitali yaogopa kutoa dawa ambazo hazitalipwa. Ndiyo maana ahitajika mtu wa kati.

Kazi yenyewe

Kwanza, mtu huyu huanzisha mkataba. Hospitali ikitaka kuwapokea wanachama, yeye huenda kuitazama: ina kibali? Ina waganga na wauguzi wa kutosha? Maabara yake yafanya kazi? Huduma za zahanati si huduma za hospitali ya rufaa, na malipo yake hayawezi kuwa sawa. Akiandika kwamba mahali fulani pana chumba cha upasuaji, nacho ni chumba tu chenye meza, basi amemdanganya mgonjwa atakayepelekwa huko usiku.

Pili, yeye ni mwalimu. Mfuko huwa na orodha ya huduma na bei zake, nayo huitwa kitita cha mafao. Humo imeandikwa kipimo gani kitalipwa, kwa kiasi gani, na katika hospitali za ngazi gani. Orodha hubadilika, dawa mpya huingia, nyingine hutoka. Ofisa hana budi kuwafundisha waganga na makarani mapema, si baada ya kosa. Karani asiyeambiwa kwamba bei imebadilika ataandika ile ya zamani miezi mitatu, kisha madai yake yote yatakatwa. Hapo kosa ni la nani?

Tatu, yeye husuluhisha ugomvi wa madai. Hapa ndipo penye kiini cha kazi, kwa hiyo twapenda kupakalia kidogo.

Tutoe mfano. Mtoto wa mama yule ametibiwa. Mganga ameandika katika fomu neno moja tu, "homa". Akampima malaria, akampa dawa ya mseto. Mwisho wa mwezi fomu yafika kwa mhakiki wa Mfuko pamoja na maelfu ya fomu nyingine. Mhakiki aona: ugonjwa ulioandikwa ni homa, dawa iliyotolewa ni ya malaria, na jibu la maabara halimo. Akata malipo ya dawa. Kwa kanuni zake hakukosa. Lakini mtoto alikuwa na malaria kweli, dawa ilitoka kabatini kweli, na hospitali imepata hasara.

Sababu nyingine za kukatwa madai ni za namna hiyo hiyo: mgonjwa hakutia sahihi, kadi ilikuwa imekwisha muda, namba ya idhini haikuandikwa, kipimo si cha ngazi ya hospitali ile, au bei imezidi kitita. Nyingi katika hizo si wizi. Ni uchovu wa mtu anayeandika usiku baada ya kazi ya mchana. Ofisa mvivu atatuma barua: "Madai yenu yamekataliwa." Ofisa mwema atafunga safari. Atakaa na karani, atazame daftari la maabara, aone jibu la kipimo limeandikwa humo siku ile ile. Kisha atamfundisha mganga aandike "malaria" na kuambatanisha jibu, naye atarudi ofisini kuwaeleza wahakiki kwamba jibu limeonekana na dai ni la kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba daftari la hospitali na daftari la Mfuko yasema neno moja.

Nne, yeye ni mlinzi. Tusijifanye hatujui. Wako wanaoandika kulazwa kwa mtu ambaye hakulazwa. Wako wanaoandika dawa ya bei kubwa na kumpa mgonjwa ya bei ndogo. Na wako wanachama wanaomwazima kadi shemeji au jirani. Kila shilingi inayoibwa hivyo ni ya yule mtumishi aliyekatwa 18,000 zake. Hapa ofisa hana budi kuwa na macho makali na mikono safi. Zawadi ya mbuzi kutoka kwa mwenye hospitali yaweza kuonekana ukarimu. Lakini akija kukagua mara ya pili, ataona vizuri na mbuzi wake tumboni?

Kuchelewa nako ni kunyima

Wengine hudhani kwamba ilimradi Mfuko utalipa siku moja, hakuna ubaya. Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu. Hospitali ya misheni kijijini yadai shilingi milioni 40 kila mwezi. Ikikaa miezi mitatu bila kulipwa, milioni 120 ziko nje. Lakini wauguzi wangoja mshahara mwisho wa mwezi, Bohari ya Dawa yataka fedha zake, na mashine ya umeme yataka mafuta. Na kama asilimia 10 ya madai itakatwa kwa ajili ya fomu mbovu, hiyo ni milioni 4 kila mwezi, nazo ni mishahara ya watu. Hospitali ya namna hiyo haifungi mlango siku moja. Kwanza dawa hukosekana, kisha mganga mmoja huhama, kisha karani huanza kusema dirishani maneno yale tuliyoyasikia.

Jambo hili latuhusu kwa karibu, kwa kuwa hospitali nyingi za vijijini ni za makanisa. Ndiyo maana mwaka 1992 makanisa yalifanya mapatano na serikali juu ya huduma za afya na elimu, na ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Hata hospitali kubwa za rufaa kama Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi ni za makanisa. Nazo hazitibu kwa upepo.

Lakini haki ina pande mbili. Mfuko nao ukilipa kila kinachoandikwa, fedha zitakwisha, na watakaoumia ni wanachama wale wale.

Tuliona mwaka 2024 mambo yalivyo pande mbili zisipoelewana. Mwezi Machi mwaka huo Mfuko wa Taifa ulianza kutumia kitita kipya. Chama cha wenye hospitali binafsi kikasema bei zake hazitoshi kulipia gharama, na hospitali kadhaa zikasimamisha huduma kwa wenye kadi. Mfuko na serikali, kwa upande wao, walisema bei zilichunguzwa kabla ya kupangwa. Hatupo hapa kuamua nani alisema kweli juu ya bei ya kila kidonge. Twasema jambo moja tu: siku zile aliyezunguka mjini akitafuta mahali pa kupokelewa alikuwa mgonjwa, naye hakuwa na kiti katika mkutano wowote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa namna hii huzibwa kwa mazungumzo ya mapema, kabla ya tarehe ya kitita kipya kufika, na wa kuyaanzisha mazungumzo hayo ni huyo mtu wa kati tunayemsema.

Yatupasayo sisi

Baba na mama, msidhani mambo haya ni ya ofisini tu. Nanyi mna sehemu yenu. Msitie sahihi katika fomu tupu. Someni kwanza kama dawa na vipimo vilivyoandikwa ndivyo mlivyopata. Msiazime kadi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mtafutieni njia nyingine ya kumsaidia, maana kuna siku daktari atasoma habari za ugonjwa wake akidhani ni wako. Mkikataliwa dirishani, ulizeni kwa adabu sababu ni nini, andikeni siku na saa, kisha mpeleke habari katika ofisi ya Mfuko ya mkoa. Ofisa hawezi kutengeneza asilolijua.

Nanyi vijana mliosoma uhasibu, uuguzi au utawala, nanyi mwatafuta kazi: hii ni kazi ya heshima. Haina sifa za daktari, wala hakuna mgonjwa atakayekushukuru, kwa kuwa hatakujua. Utaitwa msaliti pande zote mbili: hospitalini watasema wewe ni mtu wa Mfuko, na ofisini watasema umenunuliwa na hospitali. Usishangae. Mtu asimamaye katikati hupigwa na upepo wa pande zote. Yahitaji uvumilivu wa kusoma fomu ya elfu kama ulivyosoma ya kwanza, ujasiri wa kumwambia mkubwa wako kwamba bei hii si ya haki, na ujasiri ule ule wa kumwambia mganga mkuu kwamba dai hili ni la uongo.

Na wakubwa wa Mifuko nao twawaambia kwa heshima: dawa ya deni ni kulipa. Mtumeni ofisa wenu vijijini akiwa na gari lenye mafuta na neno la kweli la lini malipo yatafika. Kumtuma na ahadi tupu ni kumvunjia heshima, na safari ya pili hataaminiwa.

Turudi sasa kwa yule mama. Hajui kitita ni nini, wala hana haja ya kujua. Yeye alitimiza sehemu yake siku mshahara wa mumewe ulipokatwa. Iliyobaki ni sehemu ya wengine, nayo ni hii: siku atakapofika tena dirishani na mtoto mgongoni, karani aipokee kadi, aandike sawasawa, na kumwambia: "Karibu, mama. Keti hapo, daktari yupo."